Namba ya Wa Chini

Mama yangu alifuga kuku, wote wekundu, na wa jirani wekundu vilevile. Kila kuku wake akimfunga kitambaa cha kanga mguuni. Baba akimcheka: "Kuku wako huwajui kwa sura?"

"Mimi nnawajua. Jirani je?"

Kanga ile ya zambarau aliolewa nayo, ikachakaa ndiyo akaichana. Mpaka leo nikiiona rangi ile namkumbuka. Lakini siyo habari niliyoikusudia.

Nilikuwa katibu wa kikundi cha mwani hapa Jambiani, kwa sababu tu nilifika darasa la tatu na mwandiko wangu unasomeka. Daftari langu, lililonuka mwani, lilikuwa na kila mwanamke na shamba lake la pwani. Mke wangu ana dada yake, baba mmoja mama mbalimbali. Walizaliwa mwezi mmoja, na kila mama akampa wake jina la bibi mzaa baba. Hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Jina moja, baba mmoja, babu mmoja. Tukawaita wa juu na wa chini, kwa nyumba za mama zao. Wangu ni wa chini.

Akaja afisini kwetu bwana wa kompyuta kutoka mjini, kulihamisha daftari. Akamtambua kila mtu kwa majina matatu. Alipomaliza, wa chini hayumo. Kompyuta imemkataa, yasema keshaandikwa. Na mashamba yalikuwa yagawiwe upya kwa orodha ile ile. Asiyekuwemo hana lake. Miaka yote ile kusimama majini hadi kiunoni!

"Andika wa chini," nikamwambia.

"Anakaa chini wapi, mzee?"

Nyumba ya chini ilishabomoka, siku hizi sote tunakaa juu.

"Basi nambari za simu," akasema bwana.

Wa juu, aliyesimama mlangoni na dada yake, akacheka. "Simu tunayo moja, baba. Asubuhi yake, jioni yangu."

"Basi kompyuta itampa kila mtu namba. Haina maana yoyote, ndiyo maana haitobadilika. Jina libaki jina."

"Mimi si mfungwa," akasema mke wangu.

"Mfungwa hana shamba, bi."

Mke wangu akapewa kumi na saba, dada yake arobaini. Mashamba yote mawili yakatokea, wakapiga vigelegele, nami nikacheka nao.

Kesho yake akaja mwanamke kuuliza mpaka wa shamba lake. Nikafungua mdomo kumjibu, kama siku zote. Bwana akaniwahi: "Namba yako, bi?" Akaitaja, akajibiwa, akenda zake.

Nikaliweka daftari mezani, nikavaa makubadhi yangu, nikatoka. Pale sijarudi tena.