Siku Nilipoandika "Amepumzika" Mlangoni

Jamani, habari hii nilishaapa kutoisimulia, lakini kwa kuwa Tukuyu nzima wanaijua na wengine wanaiongezea chumvi (eti nilikuwa ndani ya jeneza, jeneza nimelitoa wapi mimi?), bora muisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika.

Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha chai, zamu ya usiku, kwenye mashine za kukaushia majani. Mle ndani kuna joto tamu, nje kuna baridi yetu hii, sasa mtu asiyelala mchana atafanyaje? Nilisinzia mara mbili. Mara ya pili msimamizi wetu, Bwana Ambakisye, alinikuta nimeegemea magunia nakoroma, akaniambia kwa upole ule wa kutisha, "Lusajo, nikikukuta tena hivi, ujue kazi huna." Na kazi hiyo ndiyo inayotulisha, mimi na mama yangu aliyeko Matwebe. Halafu sisi Wanyakyusa salamu yenyewe ni "Ugonile?", yaani umelala?, kwa hiyo kila niliyepishana naye asubuhi alikuwa ananitonesha kidonda.

Nikaanza kuchunguza. (Nina ugonjwa wa kutaka kujua, nikisikia jambo lazima nilijaribu nione.) Nikasoma kwenye simu kwamba chumba cha kulala kinatakiwa kiwe na giza, kimya, hewa na ubaridi, na kisiwe na kitu zaidi ya kitanda. Ubaridi tunao wa kugawa. Lakini chumba changu kilikuwa na kitanda, kabati, baiskeli, viti vinne vya plastiki, magunia mawili ya mahindi na mkungu wa ndizi uvunguni, sasa usingizi ungepita wapi?

Basi asubuhi moja nilipotoka kazini nikapitia kwa fundi Shabani, mzee mshona nguo wa jirani, nikanunua kitambaa cheusi. Akaniuliza, "Cheusi cha nini tena, mwanangu?" Nikamjibu, "Cha kulalia, mzee wangu," nikaenda zangu. Nyumbani nikatoa kila kitu nje, viti nikavipanga uani kwa sababu kulikuwa na jua (na jua la Tukuyu ukiliona unalitumia), nikaziba dirisha kwa kitambaa, nikazima simu, kisha nikabandika karatasi mlango wa mbele ili watoto wasipige kelele: TAFADHALI KIMYA. LUSAJO AMEPUMZIKA.

Nilitaka kuandika "anapumzika". Naapa! Lakini mtu aliyekesha na mashine anaona herufi zinatembea, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Nikaacha milango wazi kidogo kwa ajili ya hewa, nikaziba masikio kwa pamba, nikalala chali mikono kifuani (nilisoma kwamba ndivyo mgongo unavyotulia), nikajifunika shuka jeupe hadi kidevuni. Na niwaambie ukweli, ile mbinu inafanya kazi. Nililala usingizi ambao sijawahi kuuonja tangu niajiriwe.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Jirani yangu Mama Atupele alikuja kuazima jembe, akaona vitu vyote viko nje na viti vimepangwa, akasoma karatasi, akachungulia chumbani akaniona nilivyonyooka na pamba zangu, akarudi kinyumenyume mpaka uani, akapiga yowe. Fundi Shabani akaja mbio, akashika kichwa: "Kitambaa kanunua kwangu leo hii asubuhi, kumbe alikuwa anatuaga!" Hakuna aliyejiuliza marehemu aliandika karatasi saa ngapi. Wala hakuna aliyenigusa, wote walisema wanamsubiri mama yangu, ambaye alishapigiwa simu. Viti vikapata wakaaji, na wanawake wakaanza kumenya ndizi, zile zile zangu.

Mimi niliamshwa na nyimbo za msiba. Nikachomoa pamba moja polepole, nikawaza, maskini, nani huyo tena kafariki? Hata nikahuzunika. Ndipo nikasikia sauti ya Bwana Ambakisye hapo nje ya dirisha, anaongea kwa niaba ya kiwanda: "Lusajo alikuwa mchapakazi. Ananusa majani tu, anajua yamekauka. Nilimkaripia, ndugu zangu, na sasa najuta, maana sitapata mwingine kama yeye."

Sasa hapo mtu mwenye akili zake angenyanyuka. Mimi nikasema ngoja kwanza, nisikie anamalizaje. Nani kati yenu amewahi kupata bahati ya kusikia hayo? Akaendelea, akanisifu mpaka machozi yakanilengalenga, na mimi nimetulia tuli, nakunja vidole vya miguu kwa furaha.

Kisha nikasikia pikipiki, na vilio vikapanda. Mama aliingia chumbani peke yake, miguu ina matope ya shamba, hakulia wala hakupiga kelele. Akanishika paji la uso. Akasema taratibu, kama anavyonisalimu siku zote, "Gwe mwanangu, ugonile?" Akasubiri.

Furaha yote ikaniisha. Nikaketi, nikasema, "Mama, nimelala tu, sijafa."

Mama Atupele aliyekuwa mlangoni alipita juu ya sufuria la ndizi. Watu walitawanyika, Bwana Ambakisye tulimkuta migombani na kiatu kimoja. Mama yeye hakukimbia. Alinishika mashavu, akanitazama muda mrefu, halafu akachukua ndala yangu chini ya kitanda, akanichapa nayo mgongoni mpaka mkono ukamchoka, ndipo akalia.

Bwana Ambakisye aliporudi alijifuta matope, akaniambia, "Nimeshakusifu mbele ya watu, siwezi kugeuka. Jumatatu ingia zamu ya mchana. Ila ukisinzia tena, nitakuzika mwenyewe."

Mahindi na baiskeli vimerudi chumbani, kitambaa cheusi nilimpa fundi Shabani, na karatasi mlangoni sibandiki tena hadi naingia kaburini (hapo wataandika wenyewe). Lakini kila asubuhi mama anapiga simu, "Ugonile?", na mimi hata kama nina mswaki mdomoni naitika upesi, kwa sababu nakumbuka siku ile aliposalimu akasubiri, na mimi namsikia, nimenyamaza.