Neno Nililojifichia

Ningeweza kukataa. Mdogo wangu alipokuja kwangu Maguu kuniomba niongoze ujumbe wa kwenda Mbaha kumposea mwanawe, ningesema mgongo unaniuma, na ingekuwa kweli. Nilikubali kwa sababu alisema, "Kaka, wewe ndiye uliyesoma. Mimi maneno ya wakwe siyawezi."

Maneno yalikuwa yangu. Vingine vyote vilikuwa vyake. Kahawa ya baba ilitosha kumsomesha mmoja. Nilienda sekondari mimi, yeye akabaki na jembe. Leo mibuni yake inainamisha matawi, yangu imeliwa na ugonjwa wa chulebuni. Amejenga nyumba ya tofali za kuchoma. Mwanawe ni mwalimu. Wanangu hawajanipigia simu tangu Pasaka. Kila Jumapili niliwatazama watu wakimzunguka nje ya kanisa, nikajiambia kwamba lile jembe ndilo lililopaswa kuwa fungu langu.

Kule Mbaha, kando ya ziwa, walitupokea vizuri. Baba wa binti alimkalisha mdogo wangu kwenye kiti chenye mto. Mimi nikapewa benchi pamoja na dereva wetu.

"Karibu, baba wa mwalimu! Sifa zako zimefika ziwani kabla yako," akamwambia.

Habari zangu hakuna aliyeziuliza. Mezani mbasa, samaki wa ziwa lao, walikuwa wamefunikwa, na mama wa binti alishika jagi la maji ya kunawa.

Jambo moja tulikuwa tumekubaliana njiani tusiliguse: kijana wetu ana mtoto kijijini Mkumbi. Binti alijua. Wazazi wangeambiwa na kijana mwenyewe, kwa wakati wake.

Nilisimama nikaposa vizuri, wanawake wakapiga vigelegele. Ndipo baba wa binti akamgeukia tena mdogo wangu. "Wewe umebarikiwa. Hata kaka unaye wa kukusemea."

Nikacheka. Nikasema, "Na yule mtoto wa Mkumbi sasa atapata mama."

"Mtoto yupi?" akauliza mama wa binti.

Akatoka na jagi lake, tukasikia maji yakimwagwa uani. Mbasa hawakufunuliwa.

Tukipanda mlima kurudi nyumbani, gari lilitoa mvuke. Dereva alifungua boneti, akachukua dumu la maji. "Limechemsha," akasema, kisha akanitazama. "Na wewe mzee wangu, leo umechemsha."

Neno hilo nilikuwa nalisikia kwa vijana tu. Nikamuuliza limetoka wapi, mradi tu tusizungumze mengine. Alisema ni la mtu aliyeharibu mbele za watu, na kwamba yeye anaamini lilianza kwa madereva. Gari haliharibikii nyumbani, alisema. Linachemsha mlimani, limejaa abiria, kila mtu anaona. "Lakini halikukusudia. Ni mlima tu."

Mdogo wangu akanishika bega. "Basi, kaka. Ulimi hauna mfupa."

Nikajifichia humo, katika neno la dereva. Posa ilikataliwa, na Maguu nzima ikasema mzee kachemsha kwa wakwe. Walicheka, nami nikacheka nao. Lile lilikuwa neno la mtu aliyekosea, na mimi sikuwa nimekosea. Nilikuwa nimechagua.

Msimu huu, tukichuma kahawa shambani kwake, nilimwambia. "Siku ile sikuchemsha. Nilikuonea wivu. Nilitaka wakuone mdogo, walau mara moja."

Aliendelea kuchuma mpaka akaumaliza mti ule. Kisha akasema, "Ndoo yako iache hapo hapo, uende."

Tangu hapo haniiti kaka. Tukikutana kanisani husema, "Shikamoo, mzee," kama anavyomsalimia mtu yeyote wa umri wangu, kisha hupita. Mwanawe hajaoa, na akija likizo hafiki kwangu. Mtoto wa mama yangu nilikuwa naye mmoja tu. Nilikubali kwenda Mbaha, na nimempoteza.