Mteja wa Kwanza wa Bi Thoa

Alhamisi, tarehe 28 Oktoba 2021. Mvua ilinyesha usiku kucha ikakatika alfajiri, na asubuhi ikawa ya mawingu mazito na joto la kunata.

Siku hiyo watu wa Saigon waliruhusiwa tena kukaa mkahawani wakala, baada ya miezi ya kufungiwa na majuma ya kuuza chakula cha kubeba tu. Masharti yalikuwepo: nusu ya viti, meza ziachane, barakoa isishuke mpaka bakuli lifike. Bi Thoa hakuona tabu. Vigoda vyake vya plastiki alikuwa ameviosha mara mbili. Nusu yake alivipanga ukutani, kimoja juu ya kingine, akavifunga kamba ili mwenyewe asije akashawishika. Tangu saa tisa usiku mifupa ya nguruwe ilikuwa ikichemka katika sufuria refu aliloachiwa na mama mkwe wake, na tambi za mchele zilikuwa zimelowekwa tayari. Mwenye chumba alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwaka: mkahawa usiposimama, arudishe funguo.

Kilichobaki ni mteja wa kwanza.

Katika uchochoro ule kila mwenye duka anajua kwamba anayeanza ndiye anayeibeba siku. Akiwa mtu wa nyota nyepesi, akala kwa furaha akalipa bila maneno, wengine hufuatana. Akiwa mzito, siku imekwisha kabla haijaanza. Na mwenye msiba, awe mwema vipi, hamfungulii mwenzake duka. Hukaa pembeni mwenyewe bila kuambiwa. Bi Thoa alilishika jambo hili kuliko wote. Mwaka mmoja aliwahi kumwomba mama mjamzito, ambaye naye huhesabiwa mzito, azunguke mtaa mzima kwanza, ndipo aje kununua. Na leo haikuwa siku moja tu iliyofunguliwa. Ilikuwa ni maisha yake yote upya.

Kwa hiyo alikuwa amepanga na Diễm, binti mnene mcheshi wa duka la dhahabu, ambaye kila alipoanza yeye, supu iliisha yote. Aje saa kumi na mbili kamili.

Saa kumi na mbili ikapita. Watu walikwisha kujaa uchochoroni, kila mmoja akiitazama simu yake kana kwamba ameitwa kazini. Hakuna aliyeingia. Harufu ya vitunguu saumu vya kukaanga iliwazunguka, na bado walisimama.

"Shoga, huyo mwenye nyota yuko wapi?" aliuliza Bi Lài, muuza kahawa wa ng'ambo ya njia. "Bado anajipaka poda?"

"Atakuja. Diễm hajawahi kuniangusha."

Simu ikalia.

"Mama Thoa, usiniue," ilisema sauti ya Diễm, nzito kwa usingizi. "Jana tulikusanyika kwa shangazi, tukakesha. Kichwa kinanigonga. Nipe saa moja tu."

"Saa moja, mwanangu, supu itakuwa chumvi tupu."

"Basi mtafute mwingine."

Bi Thoa alipunguza moto, akatoka mlangoni. "Kinyozi Phát, wewe je? Karibu."

Kinyozi alirudi nyuma hatua moja. "Mimi? Mwezi wa tano nilimfungulia shemeji yangu duka la matunda. Juma lile lile mji ukafungwa. Mpaka leo hanisalimii."

Watu walicheka, lakini hakuna mguu uliosogea. Kila mtu aliogopa kulaumiwa.

Hapo ndipo Bi Thoa alipomwona Mzee Khiêm. Alikuwa amesimama chini ya turubai la Bi Lài, mbali na wengine, na kipande kidogo cha kitambaa cheusi kimebanwa kwa pini juu ya mfuko wa shati. Mkewe alifariki mwezi wa nane. Miaka mingi wawili hao walikula meza ya pembeni kila asubuhi. Sasa alimpenyezea kinyozi mkebe wa chakula wenye kifuniko, akamwambia polepole, "Ukishaingia, nichukulie na mimi."

Bi Thoa aliutazama ule mkebe. Ndio huo huo aliokuwa akimjazia majuma yote ya chakula cha kubeba.

"Mzee Khiêm, mkebe wa nini tena? Leo tunakaa."

"Nitakaa kesho, mwanangu. Au keshokutwa." Aligusa kile kitambaa. "Anza na wengine."

"Karibu ndani. Anza wewe."

Bi Lài alimvuta mkono. "Thoa, umerukwa na akili? Siku ya kwanza, na mtu wa kitambaa cheusi?"

"Nitajie nyumba hapa isiyo na picha mpya ya marehemu kwenye meza ya ubani. Moja tu."

Bi Lài aligeuza macho kuelekea mlango wake. Kwake kulikuwa na picha ya kaka yake.

"Nikimngoja asiye na msiba," alisema Bi Thoa, "nitafungua mwakani."

Mzee alikuwa bado amesimama. "Nikikuharibia je?"

"Supu nimeipika mimi. Ikiharibika, imeharibika mikononi mwangu. Wewe kazi yako kula."

Mzee alivuka njia, akaketi meza ya pembeni. Bi Thoa alijaza bakuli, na kabla ya kulipeleka aliyaondoa machipukizi yote ya maharage kwa vijiti, moja moja. Kazi hiyo zamani ilikuwa ya mke: aliyahamishia bakulini mwake huku akimsema mumewe.

Mzee alilitazama bakuli. "Nani kakwambia siyali?"

"Miaka yote ile, unadhani nilikuwa kipofu?"

Alishusha barakoa, akaonja, akafikiri. "Chumvi imezidi."

"Nani kaichelewesha?"

Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka, kisha akaketi. Baada yake viti vikajaa vyote vilivyoruhusiwa.

Saa tatu mvua ikarudi kwa nguvu, uchochoro ukawa mto, na wateja wakakatika. Bi Lài alikuja mbio na gazeti na kiberiti. "Acha nipitishe moto mlangoni, tuufukuze huo uzito. Mzee hata hatajua."

"Hiyo ni mvua, Lài. Imenyesha na kwako. Wewe nani alikufungulia?"

Bi Lài alishusha kiberiti. Bi Thoa alilichukua gazeti, akalikunja, akalisukuma chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Jioni supu ilikuwa imebaki kidogo. Wakaila wao wawili. Haikuwa siku ya kutangaza, wala haikuwa ya kulilia.

Kesho yake asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, Diễm alifika amevaa blauzi nyekundu, midomo imepakwa rangi nyuma ya barakoa.

"Mama, nimekuja kufungua."

"Kaa kwa Bi Lài unywe kahawa," alisema Bi Thoa. "Nafasi ina mwenyewe."

Akafuta meza ya pembeni, akatoa machipukizi katika bakuli moja, akasimama mlangoni mpaka alipomwona Mzee Khiêm akikata kona, mikono mitupu, bila mkebe.