Mvua ya mawe ikifika ukubwa wa kunazi: tahadhari niliyompigia simu mama yangu huko Ibra

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wakubwa wangu shikamooni.

Juzi humu mtu aliuliza jiwe la mvua linatakiwa liwe kubwa kiasi gani ndipo watu wa hali ya hewa watoe tahadhari. Wengi mkamtania, mmoja akamwambia asubiri limtoboe bati. Mimi nilishindwa kucheka, kwa sababu swali hilo lina mama yangu ndani yake.

Ninayoandika yalinikuta mwenyewe. Sio chai. Asiyependa habari ndefu akimbilie mwisho, ingawa mwisho peke yake hautamwambia kitu.

Kwanza mnijue kidogo.

Nimezaliwa Tabora. Wazee wetu asili yao ni Ibra, huku Sharqiyah ya Oman, walikwenda bara wakaoa na kuzaa huko. Tulirudi mimi nikiwa kijana, Kiarabu changu cha kuombea maji tu. Baba akafungua duka la vifaa vya ujenzi Ibra. Mama akabaki na Kiswahili chake cha Tabora na khanga zake, na majirani wakampenda hivyo hivyo.

Mimi nikapata kazi ofisi ya hali ya hewa Muscat. Wiki nzima nipo huko, Jumatano jioni narudi Ibra, maana enzi zile wikiendi yetu ilikuwa Alhamisi na Ijumaa.

Baba alifariki mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilimwomba mama ahamie kwangu, akakataa. Alisema nyumba ya mumewe haifungwi yeye akiwa hai. Basi nikamnunulia simu ya mkononi, tukawa tunaongea kila siku.

Tuje kwenye mawe sasa.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alikuja mwalimu kutoka nje kutupa kozi ya tahadhari za mvua za radi. Akatuambia kipimo chao ni robo tatu ya inchi, yaani karibu sentimita mbili. Jiwe likiwa dogo kuliko hapo ni kelele tu, ofisi inakaa kimya. Likifika hapo, radi hiyo inahesabiwa kali na tahadhari inatoka.

Msione ni ukaidi. Ukitahadharisha watu kwa kila kipunje, siku ya hatari ya kweli hakuna atakayekusikiliza. Miaka ya baadaye nilisikia Wamarekani wenyewe walipandisha hadi inchi nzima kwa sababu kama hiyo.

Shida ni kwamba mtu wa kijijini hatembei na rula. Kule kwa mwalimu wanalinganisha mawe na sarafu zao, na Ibra nani anazijua sarafu za Marekani? Bosi akanituma nitafute vitu vya kwetu, ambavyo mtu yeyote akipiga simu kutoka mlimani tutaelewana naye.

Nikaenda kwa mama.

Mama hakufikiri mara mbili. Akaniwekea kwenye sinia punje ya dengu, kunazi la mkunazi wa uani, na ndimu kavu ya kutilia mchuzi. Nikapima. Kunazi lilikaa palepale kwenye sentimita mbili, nikabaki nacheka peke yangu jikoni.

Likawa ndilo hilo. Dengu, tulia. Kunazi, toa tahadhari. Ndimu, Mungu atusitiri. Ofisini tukalitumia kwa majaribio, na bosi mwenyewe akawa anauliza, "Wamefika kwenye kunazi?"

Nisichokijua ni kwamba mama naye alikuwa na kazi yake na mawe hayo.

Siku ya siku ilikuwa Jumatano moja ya kiangazi, baada ya adhuhuri. Kwenye rada wingu limepanda juu ya milima nyuma ya Ibra. Mtu wetu wa kijiji cha juu akapiga simu kuwa barad, ndivyo tunavyoiita mvua ya mawe huku, imeanza kwao na mengine yamefika kunazi. Wenzangu wakaanza kuandika tahadhari iende redioni, mimi nikampigia mama.

Nikamwambia barad inakuja kwao na huenda ikawa kubwa.

Akasema, "Hamdulillah, mwanangu. Mungu akuweke." Akakata simu.

Nikajua ameelewa. Kumbe asiyeelewa ni mimi.

Niwape picha ninyi msioijua Oman. Hapa mvua ni mgeni wa heshima. Ukisema inakuja, watu hawaingii ndani, wanatoka. Wanapakia watoto kwenye gari wakaone wadi, lile bonde la mto mkavu, linavyoshusha maji, na ukitaja barad ndiyo umewamaliza kabisa. Yule mwalimu hakutufundisha habari za nchi ambayo tahadhari ni mwaliko. Mimi nilikuwa naijua, ila ukikaa ofisini sana unaanza kufikiri kama karatasi.

Mama akaenda moja kwa moja kwa jirani yetu Bi Zawena, ambako wanawake wa mtaa walikuwa kwenye kahawa. Akawatangazia kuwa mwanawe amepiga simu kutoka ofisini, barad inakuja. Wakatoka wote na mabakuli hadi kiwanja kilicho nyuma ya msikiti, mahali ambapo hapana hata mti.

Nilipopiga tena kumuuliza hali, nilisikia kelele za upepo. Nikamuuliza yuko wapi.

"Niko kiwanjani na wenzangu," akanijibu, tena kwa sauti ya kazi. "Bado ni za dengu."

Nikamwomba aingie ndani. Akasema anangoja zikue kidogo, maana hizi zinayeyuka kabla hazijajaa bakuli. Hapo hapo nikasikia mlio umebadilika, unagonga kwa kishindo, wanawake wanapiga kelele, simu ikakatika.

Nikapiga, haipokelewi. Nikapiga kwa Bi Zawena, haipokelewi.

Nikachukua ufunguo wa gari bila kuaga. Njia nzima nilikuwa nasoma kila dua ninayoijua na kuchanganya maneno. Sina kaka wala dada, wakuu. Nilikuwa nimeshamzika mzazi mmoja na huyu wa pili nilimpigia simu mimi mwenyewe.

Nikafika kabla ya magharibi. Bati la kibanda cha mbuzi cha jirani limetoboka, majani ya mkunazi yametapakaa uani. Mama amekaa juu ya mkeka, kiganja kimevimba na amekifunga kwa kipande cha khanga. Bi Zawena alikuwa na nundu kwenye paji la uso na anamimina kahawa. Wengine walikuwa salama.

Walipoona mawe yamekuwa makubwa, mama aliwaambia wavae mabakuli kichwani wakimbie. Bakuli lake la alumini lilikuwa limebonyea kila upande.

Sijafungua mdomo, akanituma kwenye friza. Katikati ya mifuko ya samaki nikakuta kimfuko cha mawe ya barafu.

"Nimekuwekea za kupimia," akasema.

Nikapima. Mengi yalikuwa yamepita kunazi, na moja lilikaribia ndimu. Nikageuka nimwambie maneno makali, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Ndipo nikaona pembeni ya mlango beseni, na ndani yake kanzu nyeupe ya marehemu baba, imekunjwa, kavu.

Nikamuuliza kanzu inafanya nini pale.

Mama akatazama chini. Akaniambia siku ya maziko aliuliza ile dua anayoombewa maiti maana yake nini. Wakamfasiria: aoshwe kwa maji, kwa theluji na kwa barad, asafishwe makosa kama nguo nyeupe inavyosafishwa uchafu.

"Theluji mimi nitaitoa wapi, mwanangu? Maji yapo. Basi barad ikija nisitoke?"

Tangu baba afariki, kila barad ilipoanguka mama aliiokota, ikayeyuka, akafulia kanzu ile, akaianika. Hakumwambia mtu, wala mimi. Hakudai kuwa ni sharti la dini. Alisema yeye ni mke tu, na kufua nguo za mumewe ndiyo kazi aliyoizoea.

Nikamuuliza kwa nini leo hakufua.

"Baba yako anangoja," akasema. "Kazi yako haingoji."

Wakuu, nililia. Bi Zawena akajifanya anaangalia birika.

Nikayamimina yale mawe kwenye beseni, vipimo nilishavichukua. Tukakaa tukiyatazama yanayeyuka. Tukafua pamoja, yeye kwa mkono mmoja, mimi kwa yote miwili, na akawa ananikosoa namna ninavyokamua.

Jumamosi nikamweleza bosi kuwa tahadhari yetu inaanza kwa ukubwa wa mawe, wakati watu wakisikia ukubwa ndiyo wanatoka. Tukabadilisha. Ikaanza hivi: ingieni ndani kwanza, barad mtaiokota ikishatulia. Bosi alicheka, lakini aliiacha. Kumkataza mtu anachokipenda hukuwezi, ila ukimwambia atakipata baadaye kidogo, anakusikiliza. Mama alisikiliza. Kuanzia hapo alikuwa anangoja mlangoni, bakuli mapajani.

Somo langu ni hilo. Kipimo cha mawe ni muhimu, nimekifanyia kazi miaka mingi na sikidharau. Lakini kabla hujamwonya mtu, jua kwanza moyo wake uko wapi, ndipo utajua akisikia onyo lako ataelekea upande gani.

Mama ametangulia sasa. Kaburini nilijikaza vizuri tu, mpaka imamu alipofika kwenye neno barad. Hapo wenzangu walinishika.

Baadaye nikiwa Ibra, barad ilianguka kidogo baada ya alasiri. Nikangoja mlangoni mpaka ikatulia, kama alivyokubali yeye, kisha nikatoka na lile bakuli lake lililobonyea. Mawe yalikuwa madogo, dengu tupu. Hayakufika kipimo na hakuna ofisi iliyomwonya mtu.

Yalipoyeyuka, maji yalitosha kulowesha pindo la khanga yake mama, niliyoiweka kwenye lile beseni.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kwenu mawe ya mvua mnayalinganisha na nini? Na mwenye mama yake hai, kabla hujanijibu mimi, mpigie yeye kwanza.