Mikate Miwili, Meza Moja

Madam wangu alizaliwa Wales, kijiji cha milimani ambako babu yake alichonga mawe meusi ya kuezekea nyumba. Kwao, kila mwaka watu hupeleka karoti, maua na mikate ukumbini, jaji akaonja, mshindi akapewa kadi nyekundu. Hapa Dubai yeye na wenzake walianzisha maonyesho yao kwenye ukumbi wa mtaa wetu. Miaka minne mimi, mfanyakazi wake wa nyumbani, nilimbebea sahani tu, na nasema kweli, nilitamani jina langu lisomwe pale hata mara moja.

Mwaka jana mama yake alikuja kutembea, akaombwa awe jaji wa mikate. Madam akachanganyikiwa. Asubuhi, siku moja kabla ya mashindano, alipika mkate wa matunda makavu yaliyolowekwa kwenye chai, ule wa kwao, ukatoka mgumu hata kisu kikagoma. Akanifuata jikoni, sauti chini.

"Nipikie wewe. Mama asijue."

"Sawa, Madam. Lakini na wangu uingie mashindanoni."

Akanitazama vile mtu anavyomtazama fundi aliyepandisha bei. "Khalas, yaishe," akasema.

Nikapika miwili. Wa Madam nilifuata daftari la mapishi la mama yake neno kwa neno. Wangu nikautia iliki, maana mkate usio na iliki kwangu ni adhabu. Mezani sahani zilikuwa na namba tu, majina yamefichwa chini yake.

Madam mkubwa, ndivyo nilivyomwita yule mama, alionja, akafumba macho, akaonja tena. Mwenye kipaza sauti akamtangaza mshindi: mkate wa bintiye ukawa wa kwanza, wangu wa pili. Ukumbi ukashangilia, mama na mwana wakakumbatiana. Mimi niliyedhani nitacheka, nikaona wivu. Makofi yale yalikuwa yangu.

"Matunda uliyaloweka muda gani?" mama akamuuliza bintiye.

"Dakika kumi," akajibu bila wasiwasi wowote.

Madam mkubwa akaacha kutabasamu; daftari lake liliagiza usiku kucha. Akanigeukia. "Na wewe?"

Ningeweza kumwokoa mwanawe. Shetani akanipitia. "Tangu jana mchana, Madam mkubwa, mpaka leo asubuhi."

Mama akacheka mpaka akashika meza. Madam masikio yalimwiva, kisha naye kicheko kikamshinda. Akachukua kadi yake, akaitia mfukoni mwa aproni yangu.

"Soma upya," akamwambia mwenye kipaza sauti.

Akasoma jina langu mara mbili, wa kwanza na wa pili, akalikosea mara zote mbili. Nikajipigia vigelegele mwenyewe.