Debe la Mama Ndani ya Gemu la Kutisha

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya magemu pale Kibiti, Mkuu wa Sauti alinipa hedifoni, kiti kibovu na onyo. "Shikamoo mama. Kazi yako ni muziki wa nyuma, ule mchezaji anaousikia bila kujua kwamba anausikia. Una miezi mitatu ya majaribio. Gemu lisipotisha, tutanunua muziki mtandaoni." Nilikuwa nimetoka redioni, nyumbani nina mama ananitegemea mimi tu, na kwa umri wangu nani angenipa kazi nyingine? Nikamwambia marahaba, nimekusikia mwanangu.

Gemu lilikuwa la mtu aliyepotea kwenye mikoko ya delta, anafuatwa na kitu asichokiona. Nikajaza ngoma, nikajaza vinanda, nikaweka vishindo kila kona. Sisi mafundi tuna ugonjwa huo, tukiona kimya tunaona aibu, kama umemwekea mgeni sahani tupu. Mjaribu wetu, dereva wa bodaboda kutoka Ngarambe, alicheza mwanzo hadi mwisho huku anatafuna karanga. Hakudondosha hata moja. Mkuu akavua hedifoni. "Mama, hii haitishi, inapiga kelele tu. Ijumaa ndiyo mwisho."

Nikaenda nyumbani Ngorongo nimenuna. Mama aliponisikiliza akacheka. "Wewe leo hujui kuogopa? Umesahau kule dunguni?"

Sikuwa nimesahau. Utotoni tuliamia ndege wa mpunga, tukiwafukuza kwa kelele, yeye kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo, mimi kwenye langu upande wa pili wa shamba. Mpunga mrefu, hatuonani. Yeye anapiga debe, mimi naitikia kwa langu, kutwa nzima, mpaka unalizoea hulisikii tena. Alasiri moja debe lake likanyamaza. Wallahi sijawahi kuogopa vile, na mbele yangu hapakuwa na kitu ila mpunga. Nilishuka nikakimbia, nikamkuta mzima, kabana pumzi, kiboko ndiyo kwanza kapita chini yake.

Basi nikamrekodi mama akipiga debe taratibu, nikatengeneza kitanzi, yaani kipande kinachojirudia bila kukoma. Ngoma zote nikafuta. Debe linagonga kwa mbali, mchezaji analizoea, anatembea nalo. Kile kitu kikisogea, debe linakata.

Ijumaa yule dereva alikaa na karanga zake. Debe lilipokata, mkono ukabaki njiani kwenda mdomoni. Kisha akavua hedifoni, akageuka kuutazama mlango. Mkuu akaniambia, "Mama, unabaki." Nilibaki mpaka nikastaafu, na Mkuu yule, kijana wa watu, namshukuru hadi leo, maana wengine wasingenisubiri hata hiyo Ijumaa.

Ninyi mnaoanza kazi hii mtaniuliza siri yake. Mpe mtu kwanza sauti ya kumtuliza, halafu mnyang'anye. Mimi mwenyewe bado inanipata. Mama sasa hatembei, kutwa anagonga debe kando ya kitanda ili nijue yupo. Juzi asubuhi nakoroga uji, debe likanyamaza. Nikatupa mwiko, nikakimbia. Nikamkuta kaketi kitandani, kavaa hedifoni zangu, anatabasamu.

"Mama, mbona umeacha kupiga?"

"Sijaacha," akasema, akanibandika hedifoni sikioni, ndani yake kitanzi cha lile gemu kinagonga. "Si mimi huyu hapa napiga?"

Nikakaa sakafuni, nikasema alhamdulillahi huku uji unaungua.