Uji wa Kumlaza Mtoto

Wiki jana nilikuwa kliniki moja ya Gitothua na mtoto wangu, kwenye benchi la kupima uzito. Kando yangu aliketi msichana aliyebeba mtoto wa miezi miwili anayelia, pamoja na mama mkwe wake. Shosho huyo, nyanya ya mtoto, akatoa chupa ya chai kikapuni, akamimina uji kwenye kikombe na kuupuliza.

"Mpe uji, usiku alale. Hayo maziwa yako ni maji tu. Baba yake nilimpa akiwa mdogo hivi, akawa analala mpaka asubuhi."

Msichana akapokea kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaunywa uji wote mwenyewe. Akapangusa mdomo, akamnyonyesha mtoto.

"Asante, shosho. Yeye atapata wake hapa. Na huyo baba yake, hadi leo analala mpaka asubuhi. Mtoto akilia ni mimi naamka."

Mtoto wa umri huo haamki kwa ukaidi. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika haraka. Basi tuachane na uji wa kumlaza mtoto. Shosho anayejua kupika uji wa kumwamsha baba, benchi letu linamngoja.